Sikio Lililopita Kichwa: Maisha na Kazi ya Mwanaisimu Yevgeny Polivanov

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo kuwa sikio halipiti kichwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mdogo mipaka yake mbele ya mkubwa. Makala hii inadhamiria kusimulia maisha ya mtu aliyeikaidi. Alikuwa mwanaisimu aliyeliamini sikio lake kuliko kichwa chochote kilichowekwa juu yake kwa cheo, na ukaidi huo ulimgharimu kazi, makao na hatimaye uhai. Mtu huyo ni Yevgeny Dmitrievich Polivanov, Mrusi aliyezaliwa mwaka wa 1891 na kuuawa mwaka wa 1938. Wanafunzi wengi wa isimu nchini mwetu hukutana na majina ya Saussure, Jakobson na Trubetzkoy katika muhula wa kwanza wa fonolojia. Jina la Polivanov huwapita, ilhali alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwa utaratibu wa kisayansi namna kidatu kinavyotofautisha maana katika maneno ya Kijapani, na namna tofauti hiyo inavyoweza kutufunulia historia ya lugha.

Kuzaliwa na Elimu

Polivanov alizaliwa katika mji wa Smolensk, magharibi mwa Urusi. Alisoma shule ya upili mjini Riga, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha St Petersburg. Sambamba na masomo ya chuo kikuu, alijifunza Kijapani katika Akademia ya Lugha za Mashariki iliyokuwa mjini humo. Chuoni alipata bahati ya kufunzwa na Jan Baudouin de Courtenay, bingwa mwenye asili ya Kipolandi aliyekuwa mmoja wa waasisi wa dhana ya fonimu. Baudouin aliwafundisha wanafunzi wake kuwa sauti inayotoka kinywani ni jambo moja, na sauti kama inavyofahamika akilini mwa msemaji ni jambo jingine. Aidha, aliwasisitizia kwamba mtafiti wa lugha hana budi kuanza na lugha iliyo hai midomoni mwa watu kabla ya kugeukia ile iliyofungiwa vitabuni. Mafunzo hayo mawili yalikuwa dira ya Polivanov maisha yake yote.

Wakati wa ujana wake alipoteza mkono wa kushoto. Visa vingi vimesimuliwa kuhusu jinsi ajali hiyo ilivyotokea, na kila msimulizi ana chake. Lililo bayana ni kwamba ulemavu huo haukumzuia kusafiri, kufundisha wala kuandika kwa wingi uliowashangaza wenzake. Alisifika pia kwa wepesi wa kujifunza lugha. Lugha alizozimudu zilizidi kumi, zikiwemo Kijapani, Kichina na Kiuzbeki.

Safari za Japani

Mwaka wa 1914, akiwa kijana wa miaka 23, Polivanov alifunga safari ya kwenda Japani, na mwaka uliofuata akarudi tena. Msafiri wa kawaida wa kipindi hicho angelielekea Tokyo, mji uliokuwa makao ya serikali tangu mwaka wa 1868 na ambao lahaja yake ilikuwa ikiandaliwa kuwa lugha sanifu ya shule na jeshi. Polivanov hakuipuuza Tokyo. Mwaka wa 1915 alichapisha makala kuhusu shadda ya kimuziki katika lahaja ya mji huo. Hata hivyo, alikwenda pia kuwasikiliza wavuvi na wakulima wa kijiji cha Mie karibu na Nagasaki, katika kisiwa cha Kyushu. Alichunguza usemi wa Kyoto, mji mkuu wa kale, na ule wa Tosa katika kisiwa cha Shikoku. Kwake, mzee wa kijijini asiyejua kusoma alikuwa shahidi wa historia ya lugha sawa na profesa wa mjini, na pengine alimpita.

Si kweli kwamba Wajapani wenyewe walikuwa hawajaligundua suala la kidatu. Kati ya miaka ya 1892 na 1893, mwandishi wa riwaya Yamada Bimyō alikuwa amechapisha kamusi kubwa iliyoonyesha kidatu cha maneno kwa matamshi ya Tokyo. Mchango wa Polivanov ulikuwa wa aina nyingine. Aliziweka lahaja kadhaa bega kwa bega, akauliza ni sheria gani inayoifunga moja na nyingine.

Jinsi Kidatu Kinavyofanya Kazi katika Kijapani

Ili msomaji aithamini kazi hiyo, hatuna budi kueleza kwa ufupi jambo alilokuwa akilisikiliza. Katika Kiswahili sanifu, shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache, kama barabara, huruhusu shadda ihame na maana ibadilike: njia ya magari huwekewa shadda katika silabi ya tatu, nacho kielezi chenye maana ya sawasawa huwekewa katika silabi ya pili. Isipokuwa kwa maneno machache ya namna hiyo, msemaji wa Kiswahili hahitaji kukumbuka shadda ya kila neno, kwani kanuni humfanyia kazi hiyo.

Mjapani wa Tokyo hana bahati hiyo. Katika lahaja yake, kila neno huja na umbo lake la kupanda na kushuka kwa sauti, na umbo hilo hujifunzwa pamoja na neno lenyewe. Tuchukue neno hashi. Tukiandika kwa herufi kubwa sehemu zinazotamkwa kwa kidatu cha juu, na kuongeza kipashio ga kinachofuata kiima, tutapata maneno matatu. HAshi ga ni vijiti vya kulia chakula. HaSHI ga ni daraja. HaSHI GA ni ukingo au pembe ya kitu. La kwanza huanza juu na kushuka mara moja. La pili hupanda, kisha sauti hushuka inapofika kwenye ga. La tatu hupanda na kubakia juu bila kushuka. Maneno mawili ya mwisho yakitamkwa peke yake hufanana mno, na tofauti yake hudhihirika pale tu neno jingine linapofuata. Vivyo hivyo, Ame ni mvua, ilhali aME ni peremende.

Jambo la msingi hapa ni mahali sauti inaposhuka. Neno la Tokyo huruhusiwa mshuko mmoja tu, au lisiwe nao kabisa. Hivyo, nomino yenye vipande viwili ina ruwaza tatu zinazowezekana, yenye vitatu ina nne, na kadhalika. Tunasema vipande badala ya silabi kwa sababu Kijapani huhesabu mapigo ya sauti. Konsonanti n iliyo mwishoni mwa neno Nihon, yaani Japani, huhesabiwa kuwa pigo kamili. Msemaji wa Kiswahili hatalishangaa hilo, kwani m katika neno mtu husimama peke yake kama silabi, tena huibeba shadda.

Ugumu huongezeka maneno mawili yanapoungana. Mtu angedhani kwamba kila neno litaingia katika muungano likiwa na kidatu chake, kama maharusi wawili wanaoingia nyumbani kila mmoja na sanduku lake. Sivyo. Neno ambatano huwa na mshuko mmoja mpya, na kwa kawaida sehemu ya pili ndiyo inayoamua. YaMA ni mlima na saKURA ni mcheri. Yakiungana tunapata yaMAZAkura, mcheri wa milimani, na sauti hushuka baada ya kipande cha kwanza cha sehemu ya pili, ingawa sakura likiwa peke yake halina mshuko. Sehemu ya pili ikiwa fupi, mara nyingi mshuko hurudi mwishoni mwa sehemu ya kwanza. KAbuto ni chapeo ya vita na muSHI ni mdudu. Kwa pamoja hutoa kaBUTOmushi, mdudu mwenye pembe kama chapeo hiyo. Kuna pia viambishi vinavyofuta mshuko wote. Kiambishi go, chenye maana ya lugha, ni mojawapo. Nihon peke yake hutamkwa niHOn, lakini lugha ya Kijapani ni niHONGO, isiyoshuka popote. Hata lugha yetu ikitajwa na Mjapani huifuata kanuni hii: suWAHIRIGO, tambarare tangu kipande cha pili hadi mwisho.

Lahaja Kama Ushahidi wa Historia

Sasa msomaji asafiri kutoka Tokyo hadi Kyoto. Huko, HAshi ni daraja, na haSHI ni vijiti vya kulia. Mambo yamegeuka chini juu. Msikilizaji wa juujuu angesema kwamba watu wa Kyoto wanakosea, au kwamba kidatu ni pambo lisilo na mpango. Polivanov alisikia kitu tofauti. Alitambua kuwa maneno yanayofuata ruwaza moja mjini Tokyo huelekea kufuata kwa pamoja ruwaza nyingine huko Kyoto, kikundi kwa kikundi. Tofauti yenye utaratibu kama huo haiwezi kuwa ya bahati nasibu. Ni alama ya asili moja iliyogawanyika.

Katika lahaja ya Nagasaki, kwa upande mwingine, maneno hugawanyika katika ruwaza mbili tu, hata yawe marefu kiasi gani. Lahaja za Kyoto na Tosa ndizo zilizohifadhi tofauti nyingi zaidi za kale. Baadaye wanaisimu wa Kijapani, hususan Hattori Shirō na Kindaichi Haruhiko, waliuendeleza ulinganishi wa lahaja kwa kina kikubwa. Ushahidi ulipatikana pia katika kamusi ya kale iitwayo Ruiju Myōgishō, ya takribani karne ya 12, ambayo nakala zake zina vitone vinavyoonyesha kidatu cha maneno kama yalivyotamkwa Kyoto enzi hizo. Kijana wa Kirusi aliyewasikiliza wavuvi wa Mie alikuwa ameshika njia sahihi.

Mwanamapinduzi na Mwalimu

Aliporejea Petrograd, jina la St Petersburg wakati huo, Polivanov alifundisha Kijapani chuo kikuu. Mwaka wa 1917 alichapisha mfumo wa kuandika maneno ya Kijapani kwa hati ya Kirusi, na hadi leo Warusi huutumia. Wanafunzi wa fasihi watapenda kujua kwamba alikuwa pia mwanachama wa OPOYAZ, kundi la akina Viktor Shklovsky lililozaa nadharia ya umaumbo nchini Urusi, ile inayoitazama kazi ya fasihi kwa kuchunguza jinsi lugha yake ilivyoundwa.

Mapinduzi ya Oktoba 1917 yalipotokea, Polivanov aliyaunga mkono kwa moyo wote. Alifanya kazi katika wizara ya mambo ya nje ya serikali mpya, akashiriki kutayarisha mikataba ya siri ya utawala wa Tsar ili ichapishwe ulimwengu uione. Mwaka wa 1919 alijiunga na chama cha Wabolsheviki. Mwaka wa 1921 alihamia Tashkent, Asia ya Kati, ambako alifundisha na kuchunguza lahaja za Kiuzbeki. Alishiriki pia katika kazi ya kuziundia alfabeti lugha ambazo wasemaji wake wengi hawakuwa wamepata nafasi ya kusoma.

Hakuwa malaika. Kwa miaka mingi alikuwa mraibu wa dawa za kulevya, na uraibu huo uliwapa maadui zake fimbo ya kumchapia. Hata hivyo, vitabu vilizidi kutoka mikononi mwake. Mwaka wa 1928 alichapisha utangulizi wa isimu kwa wanafunzi wa lugha za Mashariki, na mwaka wa 1930, akishirikiana na Oleg Pletner, akatoa sarufi ya Kijapani cha mazungumzo.

Mgogoro na Nikolai Marr

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, Polivanov alikuwa Moscow, na hapo ndipo sikio lilipogongana na kichwa. Kichwa chenyewe kilikuwa Nikolai Marr, mwanaakademia aliyejijengea heshima kwa utafiti wa lugha za Kaukazi. Marr alikuwa amebuni nadharia iliyodai kwamba maneno ya lugha zote za dunia yalitokana na vipande vinne vya sauti: sal, ber, yon na rosh. Alikanusha kuwepo kwa familia za lugha zenye asili moja, akashikilia kuwa lugha ni zao la matabaka ya kijamii na kwamba hubadilika kwa mapinduzi kadiri uchumi unavyobadilika. Nadharia hiyo ilivishwa joho la Umaksi, ikapata baraka za wakubwa.

Mwezi wa Februari 1929, Polivanov alisimama katika Akademia ya Kikomunisti mjini Moscow na kuipinga mbele ya hadhara. Hakupinga Umaksi, kwani alijihesabu kuwa Mmaksi. Aliitambua kazi ya Marr katika lugha za Kaukazi. Alichokikataa ni madai yasiyo na ushahidi. Alishikilia kuwa mbinu ya ulinganishi, inayodai ulingano wa sauti wenye utaratibu, haiwezi kutupwa kwa sababu tu ilizaliwa katika nchi za kibepari. Aliyekuwa amesikia kwa masikio yake jinsi maneno ya Tokyo na Kyoto yanavyolingana kikundi kwa kikundi asingeweza kukubali kwamba ulingano kama huo hauthibitishi asili moja.

Waliomuunga mkono walihesabika. Wengi walinyamaza, na wengine wakamshambulia. Alipoteza nyadhifa zake Moscow, akarudi Asia ya Kati, mjini Samarkand. Mwaka wa 1931 alichapisha kitabu cha kutetea alichokiita isimu ya Kimaksi, yaani ile aliyoamini ni ya kweli, na baada ya hapo milango ya wachapishaji wa Moscow na Leningrad ikafungwa.

Mwaka huohuo wa 1931, makala yake kwa Kifaransa ilichapishwa na wanaisimu wa Prague. Humo alieleza kuwa tusikiapo lugha ya kigeni, hatuisikii kama ilivyo. Tunaipitisha katika chujio la lugha yetu. Mjapani husikia irabu kati ya konsonanti ambazo Mrusi huzitamka kwa mfululizo. Waswahili tunajua hali hii vyema, kwani ndiyo iliyotupa kilabu kutoka kwa neno la Kiingereza lenye silabi moja. Kwa mantiki hiyo, msemaji wa Kiswahili akikutana na neno la Kijapani lenye silabi mbili ataelekea kuweka shadda kwenye ya kwanza. Kila hashi yake itakuwa vijiti vya kulia, hata anapokusudia kuvuka daraja.

Miaka ya Mwisho

Mwaka wa 1934 Polivanov alihamia Frunze, mji ambao leo ni Bishkek, jiji kuu la Kirgizia. Huko alichunguza lugha ya Wadungan, Waislamu wenye asili ya Uchina, akashiriki kuiwekea kanuni za tahajia. Alifanya kazi pia ya kutafsiri utendi wa Manas, fahari ya fasihi simulizi ya Wakirgizi. Aliyefukuzwa kutoka kumbi za akademia alirudi alikoanzia, yaani kuwasikiliza watu ambao lugha zao hazikuwa na kitabu.

Mwezi wa Agosti 1937 alikamatwa, akapelekwa Moscow. Alishtakiwa kuwa jasusi wa Japani. Nchi aliyoiendea ujanani kusikiliza jinsi wanakijiji wanavyotamka maneno yao ndiyo iliyogeuzwa kuwa hatia yake. Tarehe 25 Januari 1938 alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mkewe, Brigitta Nirk, Mwestonia, naye alikamatwa baada yake na hakurejea.

Marr alikuwa ameaga dunia mwaka wa 1934 akiwa na heshima zote, na nadharia yake iliendelea kutawala. Mnamo Juni 1950, Stalin mwenyewe aliikosoa katika gazeti la Pravda, na kesho yake waliokuwa wakiitetea wakaanza kuikana. Sauti moja ya mkubwa ilitosha kufanya kile ambacho hoja za mtaalamu hazikuweza kufanya mwaka wa 1929. Polivanov alikuwa amelala kaburini kwa miaka 12. Mwaka wa 1963 mahakama ilitangaza kwamba hakuwa na hatia. Mkusanyiko wa makala zake ulichapishwa Moscow mwaka wa 1968, na kazi zake kuhusu Kijapani baadaye zikatafsiriwa kwa Kijapani chenyewe.

Hitimisho

Maisha ya Polivanov yana funzo kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha za Afrika. Wengi wetu tulilelewa katika lugha zenye toni, kama vile Gĩkũyũ, Kikamba na Dholuo, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Hata hivyo, tuziandikapo lugha hizo mara nyingi toni haiwekwi alama, na tufikapo darasani tunaweza kudhani kuwa kisichoandikwa hakina sarufi. Kiswahili sanifu, ambacho hakina toni, kinaweza kuwa chujio linaloyaziba masikio yetu dhidi ya utajiri wa lugha za mama zetu. Lahaja za pwani nazo, kutoka Kiamu hadi Kivumba, zingali zinangoja wasikilizaji wenye subira kama ile iliyompeleka kijana mmoja hadi kijiji cha Mie.

Methali yetu inabaki na ukweli wake katika malezi na adabu. Katika utafiti, hata hivyo, kichwa kisichotaka kusikiliza sikio hujinyima njia ya kuujua ukweli. Polivanov alilijua hilo, akalisema mahali palipokuwa na hatari kulisema. Waliomnyamazisha waliweza kumtoa Moscow, na hatimaye kumtoa duniani. Hawakuweza kuuhamisha mshuko wa sauti katika neno moja la Kijapani.